Rumanyika: Mfalme aliyejaza nyomi Karagwe kabla ya mpira

MECHI za vyuo na sekondari Karagwe na Kyerwa mara nyingi zinapigwa mbele ya wachezaji wa akiba, mwalimu wa michezo na watoto wachache chini ya mti. Kumbe ardhi hii hii mwaka 1876 ilitoa watazamaji 1,200 kwa shindano moja tu. Aliyewakusanya ni Omukama Rumanyika.

Rumanyika Orugundu alikuwa mtoto wa Ndagara. Baba yake alipofariki katikati ya miaka ya 1850, kiti hakikuja kirahisi, maana ndugu yake Rogero naye alikitaka. Simulizi za ikulu zinasema wana wa mfalme waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, wote wakashindwa kuinyanyua isipokuwa yeye. Uamini usiamini, lakini hata baada ya hapo alihitaji msaada wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu na nguvu ya Buganda ili Rogero atulie.

Novemba 1861 aliwapokea Waingereza John Hanning Speke na James Grant. Speke aliondoka Januari, Grant akabaki akiuguza mguu mpaka Aprili 1862. Mwezi ulipoandama, Speke alishuhudia ngoma 35 zimepangwa chini, kila moja na mpigaji wake. Huyu mzee alijua kuita watu.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley na boti yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande. Ikaungwa na kushushwa kwenye ziwa dogo ambalo wageni waliliita Windermere. Rumanyika akapanga mitumbwi minne ya Wanyambo ishindane nayo. Akateremka mwenyewe, joho jekundu begani, bangili za shaba mikononi na miguuni, fimbo ndefu kuliko mtu, nyuma yake wapiga ngoma, zumari na mikuki 50. Akaketi kwenye nyasi na wanawe.

Mbio zilikuwa za yadi 800 hivi, zikaisha haraka, na tofauti ya kasi ilikuwa ndogo. Wapiga makasia wa Karagwe walisimama wima wakivuta huku wenzao wakiwashangilia kutoka ufukweni; Waungwana wa msafara nao wakawapigia kelele vijana wa boti. Mfalme alifurahi kama mtoto.

Watu walijaa kwa sababu waliokuwa majini ni vijana wao, mpinzani alikuwa mgeni, na mkubwa wa nchi alikuwepo. Leo chuo kinacheza asubuhi ya siku ya kazi, watu wako kwenye kahawa na migomba, tangazo halijafika hata kijiji cha jirani, na mkuu wa chuo mwenyewe hayupo. Jioni watu hao hao wanalipa kiingilio bandani kutazama Simba na Yanga. Hapo utamlaumu nani?

Mechi isogezwe jioni ya siku ya gulio, ngoma ipigwe, diwani na mkuu wa chuo wakae pembeni ya uwanja. Na mpinzani yupo tayari: Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe mpaka 2012, kwa hiyo dabi ya ndugu haihitaji kubuniwa.

Rumanyika alifariki miaka michache baada ya mbio zile. Mwaka 2019 jina lake lilipewa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe, inayogusa wilaya zote mbili. Kombe la dabi hiyo lingeweza kuitwa hivyo hivyo.