Mwana Kupona binti Msham: Mgonjwa Aliyetunga Wasia

Wanafunzi wengi hukariri kwamba Mwana Kupona alitunga utendi wa kumfunza bintiye namna ya kuishi na mume, kisha hufunga kitabu. Hali aliyokuwa nayo alipoutunga hawaigusi. Alikuwa mjane, mgonjwa wa muda mrefu, na alikuwa na binti ambaye bado hakuwa amemwambia yote aliyotaka kumwambia. Ukiisahau hali hiyo, utausoma utendi huu nusu tu.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliomo katika kisiwa hicho hicho. Siyu ya wakati huo ilisifika kwa wanazuoni wake na kwa mafundi waliozinakili Kurani kwa mkono na kuzirembesha kwa wino wa rangi. Ilisifika pia kwa ukaidi. Bwana Mataka alikataa kutawaliwa na Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1845 jeshi la Sultani lilishindwa vibaya huko Siyu. Kwa hiyo Mwana Kupona aliishi katika nyumba ya vita na ya elimu kwa pamoja, akazaa watoto wawili, binti na mwana wa kiume.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, Mwana Kupona akiwa mgonjwa, alitunga utendi wenye beti 102. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Tazama anavyoanza. Anamwita mtoto asogee karibu, aje na wino na karatasi. Anaeleza kwamba maradhi yamemshika hata yakatimiza mwaka, na kwa muda wote huo hakupata nafasi ya kumpa neno jema. Halafu anaahidi kumpa hirizi ya kujifunga, na kumtungia kidani cha lulu na marijani. Hapa pana jambo la kuandika katika daftari lako: kidani hicho si cha dukani. Ni utendi wenyewe. Mama aliyelala kitandani, asiyeweza tena kumlinda mwanawe kwa mikono yake, anatengeneza kitu ambacho mtoto atabaki nacho mwilini, kama pambo na kama kinga.

Huku kwetu Gesima, kama kwingineko Gusii, mtu mzima akifariki huzikwa nyumbani kwake, na waombolezaji huimba. Nyimbo hizo ni mbolezi: waliobaki humwimbia aliyekwenda. Mwana Kupona aliigeuza njia hiyo. Anayekaribia kwenda ndiye anayewatungia watakaobaki, na anafanya hivyo angali na pumzi. Mtahiniwa akiuita utendi huu mbolezi atakuwa amekosea. Ni wasia.

Hata hivyo kilio kimo. Baada ya mawaidha marefu anamkumbuka mumewe. Anasimulia kwamba waliishi kwa furaha na heshima, hawakugombana hata siku moja, na kwamba kifo kilipomjia mume alimpa radhi zake tena na tena, moyo wake ukatulia. Tangu siku hiyo, anasema, hajanyamaza kulia. Beti hizo ni chache, na kwangu ndizo nzito kuliko zote. Zinaonyesha kwamba kifo alichokijua kwa karibu kilikuwa cha mwenzake kabla ya kuwa chake.

Usiandike kwamba alikuwa amekata tamaa. Sehemu ya mwisho ni dua: anawaombea watoto wake na jamaa zake, na anamwomba Mungu amwondolee ugonjwa. Jina lake lenyewe ni Kupona! Anaukubali mwisho wake na bado anaomba afya, vyote kwa pamoja, jinsi wagonjwa wengi wafanyavyo.

Sasa suala linalozua ubishi darasani. Utendi unamtaka mke amtii mume kwa kiwango ambacho msomaji wa leo, hasa msichana, hawezi kukipokea kimyakimya: hata hatima yake huko akhera inategemea radhi za mume. Pia unamwonya Mwana Hashima asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hayo ni mawazo ya tabaka la watawala wa Pate, na una haki ya kuyapinga kwa hoja. Lakini uliza pia mjane mgonjwa angempa binti yake kinga gani nyingine katika mji ule. Ukimfikiria Sara, mama mgonjwa katika Bembea ya Maisha, utaona kwamba maradhi ya mama hufichua mambo ya ndoa ambayo siku za afya huyaficha.

Kuhusu umbo, kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho. Mtunzi mwenyewe anataja idadi ya beti na mwaka, 1275 wa Hijra, yaani 1858. Anajiita mgeni mwenye huzuni, na anawataka wanawake wote wausome, si bintiye peke yake.

Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye. Utendi ulinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, na tena mwaka 1934 pamoja na William Hichens. Mwana Hashima, aliyeambiwa asogee karibu na kitanda, aliishi Lamu hadi akazeeka.