Ken Miles: Fundi aliyeingiza injini kubwa katika kigari kidogo

KUTOKA karakana za Kirinyaga Road katikati ya jiji la Nairobi hadi kwenye maegesho ya nyumba za Spring Valley, kung'oa injini ndogo ya gari na kuweka kubwa si jambo geni. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa sababu injini ya awali imekufa, na wapo wanaoifanya kwa kupenda mbio tu. Wachache miongoni mwao ndio wanaofahamu kwamba mojawapo ya kazi mashuhuri zaidi za aina hiyo ilifanywa mwaka wa 1963, kwa muda wa takriban wiki moja, na Mwingereza mmoja mwenye mikono ya makanika na moyo wa dereva. Alilipwa dola 800 hivi.

Mwingereza huyo alikuwa Kenneth Henry Jarvis Miles, ambaye ulimwengu wa mbio za magari ulimjua kama Ken Miles. Vijana wengi wamelisikia jina lake kupitia filamu ya Ford v Ferrari iliyotolewa mwaka wa 2019, ambapo mwigizaji Christian Bale alichukua nafasi yake. Filamu hiyo hata hivyo ilijishughulisha na miaka yake ya mwisho. Ya karakana ilikuwa na nafasi ndogo, na huko karakanani ndiko alikojengwa.

Miles alizaliwa Novemba 1, 1918, mjini Sutton Coldfield, karibu na Birmingham, eneo ambalo wakati huo lilikuwa kitovu cha viwanda vya magari nchini Uingereza. Masomo ya darasani hayakumvutia. Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule na kuingia kiwanda cha Wolseley kama mwanagenzi, akajifunza kufungua na kufunga mashine kabla hajaruhusiwa kisheria kuziendesha barabarani. Pikipiki ndizo zilizomtia kwanza katika mashindano.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alijiunga na jeshi, akapanda cheo hadi kuwa sajini katika kikosi cha vifaru, na mwaka wa 1944 alikuwa miongoni mwa wanajeshi walioshuka Normandy, Ufaransa. Aliporejea nyumbani akiwa hai, alirudi kwenye magari. Petroli ilikuwa ya mgao, magari mapya hayakupatikana kwa urahisi, na mtu aliyetaka kushindana hakuwa na budi kuunganisha vipande vya hapa na pale. Miles alichukua gari kuukuu la michezo aina ya Frazer Nash, akaliwekea injini ya Ford yenye silinda nane, kisha akaingia nalo uwanjani. Hiyo ndiyo tabia iliyomfuata maisha yake yote: kuitazama injini mahali ilipo na kujiuliza ingefaa wapi zaidi.

Mwaka wa 1952 alihamia Los Angeles, Marekani, pamoja na mkewe Mollie na mwana wao mdogo Peter. Aliajiriwa kusimamia huduma za ufundi katika kampuni ya Gough Industries iliyouza magari ya MG kusini mwa California. Mshahara wake ulitokana na kuhakikisha magari ya wateja yanatembea, lakini saa zake za ziada alizitumia kujiundia gari la mashindano kutokana na vipuri vya MG. Gari hilo, lililoitwa R1, lilishinda mashindano 14 mfululizo katika mwaka wa 1953, mara nyingi likiyapita magari ya bei ghali kulishinda mara kadhaa. La pili, lililokuwa jembamba na la chini sana, lilibandikwa jina la utani la kigae kirukacho.

Kampuni ya MG ilimtambua na mwaka wa 1955 ikampa nafasi katika timu yake ya saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Yeye na mwenzake Johnny Lockett walimaliza wa 12. Ni mwaka ule ule ambapo gari la Mercedes liliruka na kuwaangukia watazamaji, zaidi ya watu 80 wakafa, na ushindani ukaendelea huku maiti zikiokotwa.

Mwaka uliofuata alikuwa tena na spana mkononi. Akifanya kazi na mfanyabiashara wa magari ya Porsche, John von Neumann, alichukua umbo la gari jepesi la Kiingereza aina ya Cooper na kulitia injini ya Porsche 550. Watu wakaunganisha majina hayo mawili na kuliita Pooper. Lilikuwa na kasi kiasi cha kuyaaibisha magari halisi ya Porsche, jambo ambalo halikuwapendeza waliokuwa na kazi ya kuyauza.

Baadaye Miles alifungua karakana yake mwenyewe huko North Hollywood. Alikuwa fundi hodari, lakini mfanyabiashara hafifu. Ulimi wake ulikuwa mkali na hakujua kumbembeleza mteja asiyeelewa gari. Mwishowe deni la kodi liliifunga karakana hiyo, naye akaenda kufanya kazi kwa Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas ambaye mwaka wa 1962 alikuwa ametia injini ya Ford ya silinda nane katika gari dogo la Kiingereza la AC na kulipa jina Cobra.

Hapo ndipo kampuni ya Rootes inapoingia. Rootes ilikuwa ikiunda Sunbeam Alpine, gari la viti viwili lenye sura ya kupendeza lakini lisilo na nguvu. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,592 ilitoa nguvu za farasi 80 hivi, na wateja wa California walilitazama, wakalisifu, kisha wakanunua gari jingine. Mkuu wa Rootes katika pwani ya magharibi ya Marekani, Ian Garrad, aliona jinsi Cobra ilivyokuwa ikishinda na akataka ya kwake. Alimtuma meneja wake wa huduma, Walter McKenzie, azunguke kwa wauzaji wa magari akiwa na rula ya mbao, apime injini moja baada ya nyingine hadi apate itakayoingia chini ya boneti ya Alpine. Iliyofaa ilikuwa ya Ford, ya silinda nane na sentimita za ujazo 4,261. Wahandisi wa Ford walikuwa wamebuni njia ya kumimina chuma cha kuta nyembamba, hivyo injini hiyo ilikuwa nyepesi na fupi kuliko wenzake.

Shelby alitaka dola 10,000 na wiki nane kuunda gari la mfano. Garrad hakuwa na subira hiyo. Huku akimsubiri Shelby, alimpa Miles Alpine nyingine, injini ya Ford na zile dola 800, akamwomba ajaribu tu kama jambo lenyewe linawezekana. Miles alitumia gia za kujibadilisha zenyewe kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Baada ya wiki moja gari lilikuwa likitembea barabarani.

Anayejua ufundi ataelewa kwamba injini kuingia katika nafasi yake ni mwanzo wa matatizo. Injini ya zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kwanza hutoa joto jingi, na radieta iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi 80 huchemka inapodaiwa kupoza farasi 164. Ekseli ya nyuma hupokea msukosuko ambao haikuundiwa. Vyuma vya usukani vya Alpine vilipita mahali ambapo injini mpya ilitaka kukaa, kwa hivyo gari la mfano la Shelby lililazimika kubadilishiwa mfumo mzima na kuwekewa usukani wa gari la MGA. Injini nayo ilisogezwa nyuma kadiri ilivyowezekana ili uzito usilemee magurudumu ya mbele. Matokeo yalikuwa gari ambalo mizani yake ilikaribia nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Kwa kazi iliyoanza na rula ya mbao, hilo si haba.

Gari la Shelby lilisafirishwa hadi Uingereza, ambako mzee mwenyewe, Lord Rootes, aliliendesha na kuridhika. Akaagiza injini 3,000 kutoka kwa Ford kwa mkupuo mmoja. Sunbeam Tiger, kama lilivyoitwa, lilionyeshwa kwa umma mjini New York Aprili 1964, na kazi ya kuliunda ikapewa kampuni ya Jensen huko West Bromwich. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba mafundi wa Jensen walitwanga kwa nyundo ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, wakati bodi ikiwa imekwisha kupakwa rangi. Plagi moja ya nyuma haikufikika kutoka mbele kabisa; aliyetaka kuibadilisha alipitisha mkono kupitia tundu lililozibwa kwa mpira, ndani ya gari, miguuni pa abiria. Takriban magari 7,000 yaliundwa namna hiyo.

Sifa zote hizo zilienda kwa Shelby, ambaye jina lake liliuza magari. Miles aliendelea na majaribio, na kufikia majira hayo alikuwa amejifunza kwa maumivu kwamba ukubwa wa injini una kikomo. Machi 1964 alipeleka Sebring, Florida, gari la Cobra alilolitia injini ya lita 7 badala ya ile ya kawaida ya lita 4.7. Chesi na springi za mabapa zilizobuniwa kwa ajili ya injini ndogo ya Kiingereza hazikuweza kuhimili. Wakati wa mazoezi gari lilimponyoka, likaacha njia na kugonga mti. Walilikarabati, akashindana nalo, injini ikafa. Kutokana na kosa hilo Shelby alibuni upya chesi nzima kabla ya kuuza Cobra ya lita 7 mwaka wa 1965.

Mwezi huo huo, siku chache tu baadaye, Nairobi ilikuwa ikijionea funzo kama hilo. Katika Safari Rally ya Pasaka ya 1964, Ford ya Marekani ilileta magari sita ya Mercury Comet yenye injini za silinda nane za ukoo ule ule wa ile ya Tiger. Tope la msimu wa mvua halikujali nguvu za farasi. Mawili tu ndiyo yaliyomaliza, moja likiwa la Joginder Singh na nduguye Jaswant, huku ushindi ukienda kwa Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT ya lita 1.5. Mwaka uliofuata ndugu hao wa Nairobi walishinda kwa Volvo iliyotumika, yenye injini ya lita 1.8.

Miles naye alikuwa akipanda. Ford ilikuwa imekabidhi Shelby kazi ya kuiangusha Ferrari kwa kutumia GT40, na ni Miles aliyeitumia miezi akilizungusha gari hilo uwanjani, akisikiliza, akirekebisha breki na springi, kisha akirudi tena. Februari 1965, akiwa na Lloyd Ruby, alilipatia ushindi wake wa kwanza huko Daytona. Mwaka wa 1966 wawili hao walishinda saa 24 za Daytona na saa 12 za Sebring katika gari la lita 7. Ilibaki Le Mans, na hakuna dereva aliyekuwa amewahi kushinda zote tatu katika mwaka mmoja.

Juni 19, 1966, akishirikiana na Denny Hulme wa New Zealand, Miles alikuwa akiongoza saa za mwisho zilipowadia. Wakubwa wa Ford, kwa kutaka picha nzuri ya magari yao yakivuka pamoja, walimwamuru apunguze mwendo. Alitii. Waamuzi wakatangaza kwamba hakuna sare: gari la Bruce McLaren na Chris Amon lilianzia nyuma zaidi kwenye mstari, hivyo limesafiri umbali mrefu zaidi, nalo ndilo mshindi. Mtu aliyelijenga gari kwa mikono yake akawa wa pili kwa sababu ya picha. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo kampuni ile ingeweza kumlipa vibaya zaidi.

Hakupata nafasi ya pili. Agosti 17, 1966, katika uwanja wa Riverside, California, Miles alikuwa akimalizia siku ya majaribio ya gari jipya lililoitwa J, lililoundwa kwa mabamba mepesi ya alumini yaliyogundishwa. Likiwa katika kasi, mwishoni mwa njia iliyonyooka, gari liliyumba ghafla, likabingirika na kupasuka vipande. Miles alirushwa nje na kufa papo hapo akiwa na umri wa miaka 47. Mwanawe Peter, aliyekuwa kijana bado, alikuwapo uwanjani. Chanzo cha ajali hakikuwahi kuthibitishwa.

Rootes wakati huo ilikuwa ikimezwa na Chrysler, ambayo haikuweza kuvumilia kuuza gari lenye moyo wa mshindani wake Ford. Wahandisi walijaribu kutafuta injini ya Chrysler itakayoingia mahali pale, lakini distributa yake ilikuwa nyuma, na nyuma hapakuwa na nafasi. Tiger ilisitishwa mwaka wa 1967.

Ford kwa upande wake ililirekebisha gari la J, ikalipa umbo jipya na ndani yake ikaweka kizimba cha mabomba ya chuma kumzunguka dereva. Gari hilo, Mark IV, lilishinda Le Mans mwaka wa 1967 likiwa na Dan Gurney na A. J. Foyt. Usiku wa mbio hizo hizo Mario Andretti aligonga ukuta na Mark IV nyingine. Gari liliharibika kabisa. Andretti alitoka akiwa na mbavu zilizovunjika.