Kinjikitile Ngwale: Neno moja lililounganisha makabila

Na Mwandishi Wetu

MTO Rufiji ukishapita kijiji cha Mloka, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, huteremka kuelekea Utete na hatimaye kumwaga maji yake baharini. Kusini ya mto huo kipo kijiji cha Ngarambe, alikoishi Kinjikitile Ngwale. Jina lake hutajwa kila inapozungumzwa habari ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mara nyingi hutajwa kwa jambo moja tu, yaani dawa ambayo haikuzuia risasi. Hata hivyo, maisha yake yana somo jingine: namna neno linavyoweza kuingia katika akili za watu na kuwafanya wasimame pamoja.

Hata jina lake lina habari ya lugha ndani yake. Vitabu vingine huandika Kinjikitile, vingine Kinjeketile. Kimatumbi kina irabu 7, ilhali Kiswahili kina 5 tu. Si ajabu basi jina la mtu wa huko likipata sura mbili linapoandikwa kwa herufi za Kiswahili.

Wakati wake, wananchi wa Umatumbi na Rufiji walikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Kodi ilidaiwa kwa nguvu, na kuanzia mwaka 1902 watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Kazi hiyo iliwatoa katika mashamba yao ya chakula, na malipo yake yalikuwa madogo mno.

Simulizi za wazee zaeleza kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akatumbukia katika kidimbwi cha mto. Ndugu zake walimtafuta wasimpate. Siku iliyofuata alitoka majini nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutoa mafundisho. Alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba Nungu, maana yake nyumba ya Mungu, na akafundisha kwamba wazee waliokufa watarejea na kwamba watu wote ni wamoja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kinjikitile hakuja na msamiati wa kigeni. Mizimu, Nungu na Hongo yalikuwa maneno ambayo wasikilizaji wake waliyajua tangu utotoni. Mtu wa pwani akisikia neno hongo hufikiria rushwa, au ushuru uliotozwa misafara ya zamani. Mtu wa bonde la Rufiji alisikia jina la pepo wa majini. Sauti ni ile ile, lakini kila jamii ililisikia kwa masikio ya malezi yake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa neno maji. Kabla ya vita, watu wa bonde hilo walikwenda kwenye tambiko la Bokero huko Kibesa, kando ya Rufiji, kuomba mvua na mavuno. Maji ya dawa yalikuwa tayari yana maana ya uhai, shibe na kinga. Kinjikitile aliyachanganya na mafuta ya nyonyo na mtama, kisha akayapa kazi mpya: risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu waliokwisha kuamini kwamba maji huokoa shamba hawakuona mbali kuamini kwamba yataokoa mwili.

Habari hizo zilienea kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani kunong'onezana. Aliyesikia alimnong'oneza mwenzake, naye akamnong'oneza mwingine. Makundi ya watu yalifunga safari kwenda Ngarambe, na wajumbe wa Kinjikitile, walioitwa pia mahongo, walipeleka dawa mbali. Vijana walifundishwa vita katika mchezo ulioitwa likinda.

Waliopokea habari hizo hawakuwa na lugha moja. Walikuwamo Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine wengi. Hata hivyo, Wayao husema mesi, na Wazulu, ambao Wangoni wana asili ya kwao, husema amanzi. Shina la maneno hayo na maji ni moja. Neno lililopaa likawa la Kiswahili, lugha iliyokuwa imekwisha kufika bara kwa biashara na ambayo Wajerumani wenyewe waliitumia katika utawala. Lugha ya akida ikawa ndiyo lugha ya kumpinga akida.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete huko Umatumbi waling'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alikamatwa, akanyongwa Mohoro Agosti 4, 1905. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alisema kifo chake hakibadilishi kitu, kwa kuwa dawa ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ndivyo ilivyotokea. Agosti 30 mwaka huo, maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa wameamini maji, wakafyekwa na bunduki za rashasha.

Gharama ya imani hiyo ilikuwa kubwa. Wajerumani walichoma vijiji na mazao, na njaa iliua zaidi kuliko risasi. Makadirio ya Wajerumani yalitaja watu 75,000. Wanahistoria wengine wanataja hadi 300,000.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha ya Kinjikitile. Neno lile lile lililowaondolea watu hofu na kuwaunganisha ndilo lililowapeleka wengi mbele ya risasi, na mwenye kulitoa hakuwapo tena kulirudisha. Mwandishi Ebrahim Hussein aliligusa suala hilo katika tamthiliya yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Nao watafiti wa historia, akiwamo Gilbert Gwassa, walikusanya simulizi za wazee katika miaka ya 1960, na kwa kazi yao maneno kama njwiywila na likinda hayakupotea.

Songea, uwanja wa mpira na klabu ya soka vilipewa jina la Majimaji. Mohoro na Ngarambe havina umaarufu huo, ingawa neno lenyewe lilianzia huko.