Julius Axelrod, mwana wa msuka vikapu aliyefuata dawa mpaka ndani ya ubongo

Huku Masisi na Walikale nyumba ambazo hazijui kidonge cha parasetamoli ni chache. Mama anatoka shambani kichwa kinamuuma, mtoto ana homa, kijana wa machimbo ya Rubaya ameumia mgongo, wote wanauliza kidonge kile kile, na mara nyingi saa moja haiishi kabla maumivu hayajapungua. Iko dawa ingine ambayo muganga anampa mtu aliyevunjika moyo kwa muda mrefu, asiyelala, asiyekula, asiyetaka tena kuongea na wenzake tangu alipokimbia kijiji chake. Hiyo mtu anaimeza siku nne, tano, haoni mabadiliko, anaiacha. Na jirani amekwisha kumwambia kwamba ni dawa ya wazimu. Kumbe katika historia ya dawa hizo mbili kuna mtu mmoja.

Julius Axelrod alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tano mwaka wa 1912 mjini New York, Marekani, katika mtaa wa maskini unaoitwa Lower East Side. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki. Baba alisuka vikapu na kuviuza kwa wauza maua na wauza vyakula, akizunguka na gari la farasi. Mtoto alisoma katika chuo cha mji, ambacho hakikulipisha masomo, akamaliza mwaka wa 1933, wakati Marekani nzima ilikuwa inalia juu ya ukosefu wa kazi. Alitaka kuwa daktari. Aliomba nafasi kwenye vyuo vya udaktari, vyote vikamkatalia. Siku zile vyuo vingi viliweka mpaka kwa idadi ya Wayahudi wa kupokea, na jambo hilo alilijua vizuri.

Akaingia labo kama msaidizi, kwa mshahara wa dola 25 kwa mwezi. Kisha akapata kazi ya kupima vitamini katika vyakula, kazi isiyo na sifa yoyote. Huko chupa ya amonia ilimpasukia, akapoteza jicho la kushoto. Picha zake za baadaye zinamwonyesha na miwani yenye kioo kimoja cheusi. Hakuacha kazi. Alisoma usiku, akapata shahada ya pili mwaka wa 1941.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1946, alipopewa swali moja la kutafuta jibu pamoja na mtaalamu wa dawa, Bernard Brodie. Watu waliokuwa wanameza dawa ya maumivu iitwayo asetanilidi mara nyingi walipata shida ya damu, yaani damu ilishindwa kubeba hewa vizuri. Kwa nini? Axelrod na Brodie walifuata dawa ile ndani ya mwili, wakaona kwamba mwili unaigeuza. Sehemu ndogo inakuwa anilini, na hiyo ndiyo inaharibu damu. Sehemu kubwa inakuwa kitu kingine ambacho ndicho kinatuliza maumivu. Kitu hicho ni parasetamoli. Wanakemia walikuwa wanakijua tangu karne ya 19, lakini hakuna aliyekijali sana. Matokeo yalitoka mwaka wa 1948.

Kuanzia hapo Axelrod alikuwa na swali lake la maisha: dawa ikisha kumezwa, inaenda wapi, na nani anaisimamisha? Mwaka wa 1949 alihamia kwenye taasisi za afya za serikali huko Bethesda, karibu na Washington. Alifuata kafeini, ile inayofanya mtu akinywa kahawa usiku asipate usingizi. Alifuata pia amfetamini, dawa ya kuchangamsha ambayo majeshi yaliwapa askari katika vita vya pili vya dunia ili wakae macho. Aliwapa mbwa, sungura na panya, akaona kila mnyama ana njia yake ya kuiondoa, na ini ndilo lenye kazi kubwa. Lakini bila shahada ya udaktari wa sayansi angebaki msaidizi mpaka uzeeni. Akarudi masomoni, akaipata mwaka wa 1955, akiwa na miaka 43. Wengine kwa umri huo wanasema muda wao wa shule umepita.

Mwaka huo alianza kazi katika taasisi ya afya ya akili. Wakati ule wataalamu walikuwa wanahangaika na mambo ya ajabu. Dawa ya kifua kikuu, iproniazidi, iliwafanya wagonjwa wachangamke. Reserpini, dawa ya tensheni inayopatikana katika mizizi ya miti ya Rauvolfia, ambayo aina yake moja inaota katika misitu ya Kongo, iliwafanya wengine kuwa na huzuni kubwa. Sungura waliopewa reserpini walilala kimya kama wamechoka na dunia, na Brodie na wenzake waliona kwamba akiba ya serotonini katika ubongo wao ilikuwa imeshuka sana.

Serotonini, noradrenalini na dopamini ni wajumbe. Neva moja inamtuma mjumbe, anavuka nafasi ndogo sana, anapiga hodi kwa neva ya jirani, habari imefika. Lakini nani anamnyamazisha mjumbe akisha kupiga hodi? Wengi waliamini anavunjwa-vunjwa palepale. Axelrod mwenyewe alikuwa amegundua kimojawapo cha vitu vya mwili vinavyovunja noradrenalini. Ila vilipozuiliwa, mjumbe aliendelea kunyamaza haraka. Jibu halikutosha.

Basi yeye na wenzake walichukua paka, wakakata neva za upande mmoja tu wa kichwa, wakangoja zife. Kisha wakaingiza katika damu noradrenalini iliyotiwa alama ya mionzi. Upande wenye neva hai ulijaa alama. Upande mwingine karibu haukuwa na kitu. Maana yake neva inamrudisha mjumbe wake ndani, kama vile motari anayeshusha mzigo Mubi na kurudi alikotoka, tayari kwa safari ingine. Mwaka wa 1961 walionyesha kwamba kokaini inafunga mlango ule wa kurudi. Na imipramini, dawa ya huzuni kubwa, inaufunga pia. Miaka mitatu baadaye jambo hilo lilionekana ndani ya ubongo wa panya.

Hapo ndipo penye ugumu, na wengi wanapachanganya. Kama mlango ni ule ule, mbona dawa hizi hazifanani? Amfetamini haizuii kurudi tu, inawasukuma nje wajumbe waliokuwa ghalani. Panya anakimbia huku na huku. Dozi ikizidi, anarudia kunusa na kutafuna mahali pamoja bila kukoma. Kokaini inagusa sana dopamini, na mnyama aliyeionja atabonyeza kidude mara nyingi ili aipate tena. Imipramini haifanyi hivyo. Mtu asiye na ugonjwa akiimeza hapati furaha, zaidi anasinzia na kukauka mdomo. Na mgonjwa, ingawa mlango unafungwa katika masaa machache, anaona nafuu baada ya wiki mbili, tatu au zaidi, kwa sababu ubongo unahitaji muda kujipanga upya. Amitriptilini, ambayo iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima, ni ndugu ya imipramini. Anayeiacha siku ya tano ameiacha kabla kazi yake haijaonekana.

Tarehe 15 mwezi wa kumi mwaka wa 1970 Axelrod alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ulf von Euler wa Sweden na Bernard Katz wa Uingereza. Habari ilimkuta kwa muganga wa meno. Brodie, aliyemfundisha, hakuwemo. Dawa za baadaye, kama fluoksetini, ziliundwa kwa kufuata wazo lile la mlango wa kurudi, safari hii ule wa serotonini.

Alistaafu mwaka wa 1984, lakini aliendelea kuja labo. Alifariki tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2004, akiwa na miaka 92.