Felix von Luschan na Shaba za Benin

Mwezi Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, na kulipora jumba la mfalme wake. Sanamu na mabamba ya shaba kwa maelfu yalichukuliwa, na kabla ya mwaka kwisha mengi yalikuwa yakiuzwa London.

Miongoni mwa wanunuzi wenye pupa alikuwa Dakta Felix von Luschan wa Makumbusho ya Berlin. Mtu huyu, mzaliwa wa Austria mwaka 1854 na tabibu kwa elimu, alikuwa ameingia kazini Berlin mwaka 1885. Siku zile wapo wataalamu wa Ulaya waliokataa kusadiki kuwa kazi ile ni ya Waafrika. Wengine waliwasingizia Wareno. Luschan aliwapinga. Aliichunguza namna ya kusubu, jinsi umbo la nta linavyofunikwa kwa udongo, nta ikayeyushwa, na shaba ikamiminwa mahali pake, akahukumu kwamba hata Cellini, bingwa wa Italia, asingeliweza kufanya vizuri zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1919 juu ya Benin kina majuzuu 3.

Haki hiyo hatuna budi kumpa. Lakini aliyemsifu fundi hakumuuliza mwenye mali. Luschan aliandika mwongozo wa kuwafundisha maofisa na wasafiri katika makoloni mambo ya kukusanya, nayo ghala za Berlin zikafurika, zikiwamo ngawira za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tena hakutosheka na vitu. Alikusanya mafuvu ya watu, yeye aliyeshikilia kwamba wanadamu wote ni jamii moja! Alifariki Berlin mwaka 1924.

Mwaka 2022 Ujerumani iliirudishia Nigeria umiliki wa shaba zile, na mwezi Desemba vipande 20 vikakabidhiwa Abuja. Mafuvu yamekwenda polepole zaidi. Katika mkusanyo alioujenga Luschan, yapatayo 1,100 yalitoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliyapatia mafuvu machache ndugu walio hai hapa Tanzania. Moja lilikuwa la akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900.