Joseph Fourier, Yatima Aliyefuata Nyayo za Joto

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Mimi, mpenzi msomaji, methali hii nimeielewa vyema kwa kusoma maisha ya Mfaransa Joseph Fourier.

Alizaliwa mwaka wa 1768 mjini Auxerre, mwana wa mshonaji nguo. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto. Watawa wakamsomesha, naye akaipenda hisabati kama chakula. Alipotaka kuwa ofisa wa mizinga jeshini alikataliwa, eti hakuzaliwa katika ukoo wa mabwana! Mwaka wa 1794, wakati wa mapinduzi, alitiwa gerezani. Alipona, na mwaka wa 1798 akaenda Misri pamoja na Napoleon.

Mwaka wa 1802 alifanywa mtawala wa jimbo, makao yake Grenoble. Hebu fikiria, pamoja na kazi zote hizo za serikali, alipata nafasi ya kuchunguza joto. Alichukua pete ya chuma, akaipasha moto upande mmoja, akatia vipimajoto katika matundu yake. Hivyo akaona jinsi joto linavyosafiri kuizunguka, akatunga mlinganyo wa safari hiyo.

Mwaka wa 1807 aliwapelekea wakubwa wa elimu kule Paris kazi yake. Lagrange, bingwa wa hisabati, akaipinga. Mwaka wa 1812 Fourier alipewa tuzo, lakini kwa shingo upande. Hakukata tamaa. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1822, miaka 15 baadaye! Alifariki mwaka wa 1830.

Je, mlinganyo huo una faida gani leo? Fundi anapochomelea bomba au chuma kilichopinda, moto hukaa mahali padogo huku sehemu nyingine zikiwa baridi. Chuma kikipoa vibaya hujikunja au hupasuka. Kwa hiyo wahandisi hukichora kwanza katika kompyuta, wakakigawa vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu. Kompyuta hupiga hesabu ya joto ambalo kila kipande humpa jirani yake, kwa mlinganyo ule ule wa Fourier. Kasoro huonekana kabla chuma hakijaguswa na moto.

Wenzangu, nasi tukipewa maksi duni tusitupe kalamu. Ukweli hukawia, lakini hufika.