John Pounds, Mshona Viatu wa Portsmouth

Upande wa kusini wa nchi ya Uingereza uko mji uitwao Portsmouth, wenye bandari kubwa ya manowari. Katika mji huo alizaliwa John Pounds, mwaka 1766. Alipopata umri wa miaka 12, baba yake alimtia katika kazi ya kuunda merikebu. Lakini alipokuwa na miaka 15 alianguka ndani ya gudi, yaani shimo kubwa ambamo merikebu hutengenezwa. Akavunjika paja, akawa kiwete maisha yake yote.

Basi, kwa kuwa kazi ya merikebu haikumfaa tena, alijifunza kushona viatu. Akapanga kibanda kidogo cha mbao, akakaa humo akitengeneza viatu vikuukuu vya watu maskini. Hakuoa wala hakupata mali.

Ndugu yake alikuwa na mtoto ambaye miguu yake ilipinda tangu kuzaliwa. John akamchukua mtoto huyo amlee. Akatwaa ngozi za viatu vya zamani, akaunda chombo cha kuinyosha ile miguu, na hatimaye mtoto akaweza kwenda vizuri. Kisha akaanza kumfundisha kusoma. Akaona kwamba mtoto hujifunza vema zaidi akiwa na wenzake. Akamwita mtoto mwingine maskini, na baada yake wengine wengi.

Siku zile watoto wengi wa Portsmouth walizurura njiani bila chakula na bila mafundisho. Shule zilitaka ada, na tena zilitaka nguo safi. Nao hawakuwa na ada wala nguo. John Pounds aliwataka hao hasa. Alikwenda gatini akiwa na viazi vya moto mfukoni, akampa kiazi mtoto mwenye njaa, akamwalika shuleni. Kibanda chake kilikuwa na upana wa futi 6 tu na urefu wa futi 18, lakini watoto waliokusanyika humo walipata 30 au 40 kwa mara moja. Wengine walikaa juu ya ngazi, wengine chini sakafuni, na mwalimu katikati yao, kiatu mkononi. Aliwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, na kupika na kutengeneza viatu vyao pia. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo walisoma hata karatasi za matangazo. Hakutoza ada hata senti moja.

Hata hivyo liko jambo moja lililomsumbua. Siku ya Jumapili watoto wake hawakwenda kanisani, kwa maana waliona haya kukaa katikati ya watu hali wamevaa matambara. John hakuwalaumu. Alijua kwamba haya ya umaskini humfungia mtoto mlango hata kama mlango wenyewe uko wazi. Lakini yeye naye hakuwa na fedha za kuwanunulia nguo. Basi aliomba msaada kwa rafiki zake, akapata nguo, akaziweka nyumbani mwake. Kila Jumapili asubuhi watoto walikuja kwake, wakavaa, wakaenda kusali na kujifunza neno la Mungu pamoja na watoto wengine. Jioni walizirudisha, zikatunzwa mpaka Jumapili ya pili. Hivyo nguo chache ziliwafaa watoto wengi kwa muda mrefu.

Tarehe 1 Januari, 1839, John Pounds alianguka ghafula akafa. Umri wake ulikuwa miaka 72. Watoto wadogo walipokuja kibandani na kuukuta mlango umefungwa, walisimama nje wakalia.

Lakini kazi yake haikufa. Mchungaji mmoja wa Scotland, jina lake Thomas Guthrie, aliona picha ya yule mshona viatu kati ya watoto wake, akaguswa sana moyoni. Mwaka 1847 alisaidia kufungua shule ya watoto maskini katika mji wa Edinburgh, wapate chakula pamoja na mafundisho. Katika mji wa London, mwaka 1844, kilikuwa kimekwisha anzishwa chama cha kuunganisha shule za namna hiyo, nazo ziliitwa shule za watoto wa matambara. Maelfu ya watoto walisoma humo.

Enyi wanafunzi, huenda mtu akasema kwamba atawasaidia maskini atakapokuwa tajiri. John Pounds hakungoja utajiri. Alitoa kiazi, alitoa nafasi katika kibanda chake, na kile alichokosa aliwaombea watoto kwa wengine. Nanyi mkimwona mwenzenu shuleni amevaa nguo iliyoraruka, msimcheke. Msogezeeni nafasi akae karibu nanyi. Na kama mna sindano na uzi, mshoneeni.